Mkono wa Mjomba Mlangoni pa Chuo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikosea, na kosa lenyewe ndilo lililonifundisha kazi yote.

Enzi za Mjerumani, misheni yetu ya Morogoro ilikuwa na chuo cha kufundishia walimu na makatekista. Kwa Mkatoliki wa Uluguru hapakuwa na elimu ya juu kuliko ile. Kijana aliyetoka pale alirudi kwao akiitwa mwalimu, na wazee walimpisha kiti. Mimi sikusoma chuoni. Nilisoma shule ya kijiji kule Matombo mpaka nikaweza kusoma katekisimu na kuandika jina langu, basi. Lakini nilikuwa nimebeba mizigo hadi Bagamoyo, kwa hiyo Kiswahili cha pwani nilikijua, na Kiluguru nilikinyonya kwa mama. Padri Mkuu akanifanya bawabu wa chuo.

Ninyi vijana mkisikia bawabu mnadhani ni mtu wa kufungua na kufunga mlango. Bawabu wa siku zile alikuwa mpokeaji wa watu. Familia iliyoshuka kutoka milimani kumleta kijana ilinikuta mimi kwanza, barazani. Niliwapa maji na mahali pa kutua mizigo. Kijana nilimtoa funza miguuni, nikamnyoa, nikamweleza kengele zilivyo: ya kuamka, ya sala, ya shamba. Kisha nilimtafutia mlezi, yaani mwanafunzi wa zamani wa kumwonyesha mambo, na nilipenda mlezi atoke mlima mwingine ili wasijifungie wawili kwenye lugha ya nyumbani. Kinamama hawakuruhusiwa kuingia bwenini, basi niliwazungusha nyuma wakaone kitanda cha mtoto kupitia dirishani.

"Sasa huyu akisikia baridi atamwambia nani?" aliniuliza mama mmoja wa Mgeta.

"Mama, huku bondeni atalia joto, si baridi."

Akacheka huku machozi yanamtoka. Kazi yangu ilikuwa hiyo, kuwafanya watu waweze kuondoka.

Siku hiyo ya kwanza alikuja baba mmoja kutoka Mlali na mwanawe. Mtu mpole, amevaa shuka safi, hajui aweke wapi mikono yake. Nilimpokea vizuri, nikamwingiza kwa Padri Mkuu, kijana akaandikwa. Nikajiona nimeianza kazi kwa mguu mzuri. Wiki haikuisha akaja mtu mwingine, mkavu, na fimbo. Hakunisalimu. Akapita moja kwa moja darasani, akamshika kijana mkono, akamtoa.

"Huyu si mtoto wa mlango huu," aliniambia. "Aliyemleta alimzaa tu."

Alikuwa mjomba wake.

Nilidhani Padri Mkuu angetuma habari bomani waje askari. Badala yake aliniita mimi. Alikuwa amekaa nchini miaka mingi, ndevu zake zimeshaota mvi hapa hapa.

"Petro, wewe ni Mluguru au ni Mzungu?"

"Mluguru, Padri."

"Kwenu mtoto ni wa nani?"

Jibu nililijua. Kwetu mtoto ni wa lukolo, ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mjomba ndiye anayempa shamba, anayemwoza, na anayeitwa akiugua. Baba ni mtu aliyekuja kuoa. Mimi nilikuwa nimedhani mambo hayo yanaishia nje ya ua wa misheni, kwamba ukivuka mlango wetu mtoto anakuwa wa baba, kama wa Yosefu kwenye picha ya kanisani. Padri Mkuu hakudhani hivyo. Alisema, "Kuanzia leo, hapokelewi kijana mpaka nimeona mkono wa mjomba."

Ndipo ikaanza desturi ya chuo tuliyoiita kukabidhi. Mjomba alikaa kiti cha mbele, baba benchi la nyuma. Mimi nilisimama katikati na kuuliza kwa sauti, "Kijana huyu ni wa nani?" Mjomba akajibu, "Ni wangu." Kisha akashika kifundo cha mkono wa kijana na kuutia mkononi mwa Padri. Baada ya hapo hakuna aliyemfuata darasani kumtoa. Akina baba waliokuja peke yao niliwarudisha, wengine kutoka mbali sana, wakapanda tena mlima na vijana wao nyuma.

Mpishi wetu alikuwa Mzaramo, mtani wangu, na watani hawana adabu. Siku moja alinikuta nimesimama nikimtazama baba mmoja pale benchi la nyuma. Akasema, "Petro, ninyi Waluguru wanaume ni jogoo tu. Mnawika alfajiri yote, lakini mayai ni ya jirani."

Nilimtukana, tukacheka wote. Lakini lile neno liliniingia, kwa sababu nyumbani kwangu kulikuwa na Yohani.

Yohani alikuwa mtoto wetu pekee aliyepona utotoni. Mke wangu Agata alikuwa na kaka mmoja, Banzi, mwenye mashamba ya maharage na migomba upande wa juu wa Mgeta. Yohani alipokuwa na uwezo wa kushika jembe, Banzi alianza kumwita kwake misimu ya kulima. Alirudi akisema "mjomba amesema hivi, mjomba amesema vile," na mimi nilikuwa nikila ugali wangu tu. Sikumchukia Banzi. Nilikuwa na wivu naye, na wivu unachosha zaidi, maana unayemchukia unaweza kumkwepa.

Nilitaka Yohani asome chuoni. Sikutaka kitu kingine chochote duniani. Kila kijana niliyemnyoa pale barazani, nilikiona kichwa cha Yohani. Banzi alikataa. Alisema mashamba hayalimwi kwa kusoma, na kwamba mimi nimeshaliwa na misheni, haifai iwale wawili.

Wakati huo Padri Mkuu wa kwanza alikuwa amekwisha kufa, na wa pili alikuwa mtu wa haraka, anayetembea huku anaongea. Aliposikia habari zangu alinisimamisha njiani.

"Mlete kesho. Nitamwandika mimi mwenyewe."

"Mjomba wake hajakubali, Padri."

"Mlango ni wako, Petro. Nani atakuuliza?"

Nilimwambia nitafikiri. Nilifikiri kwelikweli, sitawadanganya. Yohani angeweza kulala bwenini kesho yake. Lakini niliwakumbuka wale niliowarudisha. Ningewatazamaje wakirudi na wajomba zao, wamkute mwanangu ameingia kwa mkono wa baba? Nilimwambia Padri hapana, akatikisa kichwa, akaendelea kutembea. Nikapanda Mgeta.

Nilimkuta Banzi anapalilia.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Bawabu umeacha mlango wazi leo?"

"Nimekuja kumwombea kijana."

"Kijana yupi?"

"Yohani."

"Yohani wangu?"

Nikasema, "Yohani wako." Maneno hayo mawili yalinitoka kwa shida zaidi kuliko mzigo wowote niliowahi kuubeba. Banzi aliegemea jembe, akanitazama. Nadhani maneno hayo ndiyo aliyokuwa akiyangoja.

"Nitamleta," akasema. "Nitamleta mimi. Wewe simama pale pale unaposimamaga."

Akaja siku ya mapokezi, amevaa kanzu mpya, Yohani nyuma yake na mkeka begani. Agata alikaa na kinamama wengine nje. Banzi akakaa kiti cha mbele. Benchi la nyuma lilikuwa tupu, kwa kuwa mwenye kulikalia ndiye aliyekuwa amesimama katikati. Nikauliza kwa sauti, "Kijana huyu ni wa nani?"

Banzi hakuharakisha. Aliitazama dari, akamtazama Padri, ndipo akasema, "Ni wangu."

Yohani akaja kunisalimu kama wageni wote walivyosalimu. "Shikamoo, baba."

"Mwitikie, bawabu," akasema Banzi. "Kijana anakusalimu."

Nilimwitikia. Nikampa maji, nikamtoa funza, nikamnyoa. Nikampa mlezi wa kutoka Turiani. Nilimzungusha mama yake nyuma akaone kitanda, na safari hii nilichungulia na mimi.

Yohani alisoma vizuri. Aliugua mara moja kifua, na Padri aliniagiza niende Mgeta kumwita Banzi, nikaenda. Alipomaliza alipelekwa kufundisha Matombo, na kitu cha kwanza alichopata kwa kazi yake, blanketi jekundu, alikipeleka kwa mjomba, kama ilivyo haki. Kwangu alileta nazi. Niliila nazi ile, lakini nilikuwa nikiliona blanketi kila nilipokwenda Mgeta.

Kisha vikaja vita vya Wajerumani na Waingereza. Askari wa Mjerumani walipokuwa wakirudi nyuma kupitia milimani walichukua wapagazi kila walipopita, na hawakujali nani mwalimu. Yohani alichukuliwa akitoka kanisani. Mvua zilipokwisha, mpagazi mmoja aliyerudi kutoka upande wa Rufiji alifika misheni, akasema homa ilimuua, na yeye mwenyewe ndiye aliyemzika.

Padri alinieleza mimi, nimesimama pale barazani. Alinishika bega. Kisha, kwa kuwa desturi ilikuwa desturi na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha mapadri wapya, akauliza kwa sauti ndogo, "Mjomba wake ameshajua?"

Nilikuwa nimepeleka habari za namna hiyo kwa wajomba wengi. Ni sehemu ya kazi ambayo sikuitaja hapo juu. Nikapanda Mgeta kumpelekea Banzi habari ya msiba wake.

Watu walijaa kwake. Kila aliyefika alikwenda kwa Banzi kwanza, akampa mkono, "Pole kwa kufiwa." Mimi nilikaa kwenye mkeka pamoja na wakwe na majirani. Wengine walinipa pole na mimi, kwa heshima, kama unavyompa pole mtu aliyetoka mbali. Hata kilio kilikuwa chake. Nilimwonea wivu kwa msiba. Sijui kama kuna mtu mwingine amewahi kufikia hapo.

Watu walipopungua alikuja akakaa karibu nami. Alikuwa amezeeka kwa siku chache zile. Akachorachora chini kwa kijiti.

"Shemeji," akasema, "watu wananiuliza alikuwa mtu wa namna gani. Mimi nilikuwa naye wakati wa jembe tu. Alikuwa anacheka nini? Alikuwa anaogopa nini?"

Nilikitazama kile kijiti.

"Wewe ulikaa naye. Nieleze."

Nilimtazama. Nilimweleza kwamba utotoni aliogopa radi, akajificha chini ya mtungi wa mama yake kama mtungi ungemficha. Nilimweleza kwamba alianza kula kwa mkono wa kushoto, tukamzoeza wa kulia. Banzi alikuwa akiitikia kwa kichwa, akirudia maneno yangu taratibu, kama mwanafunzi mpya anayefundishwa kengele. Akangoja niendelee.

Baada ya vita chuo kilifunguliwa tena, nikarudi mlangoni, nikapokea watu mpaka magoti yalipokataa ngazi. Mapadri wapya walinipa kiti cha kustaafia na baraka. Banzi amekwisha kufa, Agata pia. Sasa naona wakati mwingine baba analeta mwanawe peke yake, anaandikwa siku hiyo hiyo, na hakuna anayeuliza mjomba yuko wapi. Nikiwaona huwa nawaonea wivu, kisha naingia ndani.

Vijana wanaokuja kuniuliza habari za kazi huniuliza pia habari za Yohani, kwa kuwa alikuwa mwalimu wa baba zao. Nawaeleza yale niliyomweleza Banzi. Yaliyobaki sikumweleza yeye, wala sitawaeleza ninyi. Hayo ni yangu.