Nilimshukuru Mungu kanisani kwa kazi ya wiki moja

Admini, nifiche, na jina la kiwanda usilitaje hata watu wakikisia. Majina yote nimebadilisha. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tisa, nimeolewa, nina watoto watatu, na ninaishi upande wa Karurumo. Nilifika kidato cha nne. Tangu shuleni nina mazoea ya kuandika kila jioni mambo ya siku hiyo, kwa hivyo haya siyasemi kwa hasira ya leo tu. Nimerudi nyuma nikasoma niliyoandika, na hasira imezidi.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikichambua makadamia katika kiwanda kimoja huku kwetu. Tunasimama kando ya mkanda, njugu zilizobanguliwa zinapita, zile nyeupe tunaziacha ziende, za kahawia na zilizoliwa na wadudu tunazitoa. Ukizoea, mkono unachagua kabla ya macho. Halafu mambo yakaharibika. Wanunuzi wa ng'ambo wakapotea, bei ikaanguka, wakulima wakaanza kukata miti wapande avokado, nasi tukaambiwa twende nyumbani tupumzike. Supavaiza wetu, nimwite Nyaga, alituahidi kwamba hali ikirudi, sisi wa zamani ndio tutakaoitwa kwanza.

Tulipumzika kweli. Mume wangu ni fundi wa mawe, na wakati huo hakuna aliyekuwa akijenga hata choo. Nililima mashamba ya watu, nikauza ndizi sokoni. Kilichotushikilia ni kanisa. Kila muhula kamati ya akina mama ilimlipia binti yangu Wawira sehemu ya karo, kwa sababu sisi wazazi hatukuwa na kazi.

Mwaka huu redio ikaanza kutuambia kwamba uchumi umeinuka. Ajira zimerudi, mauzo ya nje yamepanda, kila asubuhi mtu mwenye sauti nzuri anatuhakikishia tuko sawa. Nikaamini, kwa sababu siku hizo hizo Nyaga alinipigia simu akaniambia niripoti kazini Jumatatu. Nilifanya kazi wiki nzima nikiimba moyoni, na Jumapili nikafanya kosa ambalo mpaka leo linanila.

Kwetu mtu akipata kazi hakai kimya. Anasimama mbele ya kanisa na watu wa nyumbani kwake, anaimba, anatoa shukrani, na ibada ikiisha vitu alivyoleta vinapigwa mnada pale nje. Mimi nilipeleka jogoo na mkungu wa ndizi. Nikashika maikrofoni nikasema, "Mungu ametuinua. Kiwanda kimefunguka, na sisi wa zamani tumerudi." Akina mama wakapiga vigelegele. Nyaga, ambaye tunaabudu naye, alikuwa amekaa mbele akipiga makofi. Kwenye mnada, ndiye aliyemnunua yule jogoo.

Jumatatu askari wa geti alinizuia, akasema leo siingii. Nikaomba aniitie Nyaga. Akaja kwa haraka, hata hakunitazama usoni.

"Mama Wawira, kazi iko, ni vile nyinyi ni wengi," akasema. "Siku hizi ni ajenti anachukua watu. Ukuje kila asubuhi usimame hapa, akikuchagua unaingia."

Baadaye nikajua kwamba wiki ile tuliitwa kwa sababu watu wa benki walikuwa wanakuja kukagua, na mkanda haungeonekana bila watu. Nyaga alijua hayo nikiimba. Alijua akibeba jogoo wangu kwenda kumchinja.

Shule zilipofunguliwa nilienda kwa mama mwenyekiti wa kamati, nikamweleza yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Mama Wawira, si ni wewe uliimba?" Akasema kuna wajane wanaongojea hiyo nafasi, na mtu hawezi kumshukuru Mungu kwa kazi halafu aje kuomba kama asiye nayo. Wawira yuko nyumbani anakata nyasi za ng'ombe. Wenzake wako kidato cha tatu.

Sasa juzi Nyaga amekuja kwangu. Ijumaa hii mgeni mkubwa wa kaunti anatembelea kiwanda na watu wa kamera, kuonyesha jinsi ajira zilivyorudi, na wanataka mfanyakazi mmoja azungumze.

"Sema tu vile ulisema kanisani," akaniambia. "Hata usiongeze neno."

Nikisema, nitapewa mkataba wa mwaka mzima. Nikikataa, ajenti hatanichagua tena. Akaacha dastikoti mpya, lile koti letu la kazi, mezani, akamaliza chai yangu, akaenda.

Mume wangu anataka niseme. Anadai hata hao wageni wanajua ni uongo, kwa hivyo simdanganyi mtu. Lakini jana nilimweleza Mama Ireri, tuliyesimama naye kwenye mkanda mmoja miaka yote, na ambaye hata hiyo wiki moja hakuitwa. Akasema, "Ukishasema tumerudi, nani atakuja tena kuuliza tuko wapi?"

Yeye kila asubuhi yuko getini, na mimi niko kando yake.

Najua kuna mtu hapa ataniambia niende nikaseme ukweli mbele ya kamera. Huyo aje kwanza amrudishe Wawira shuleni, halafu nitasema chochote anachotaka. Nimechoka kutumiwa mdomo wangu. Mara ya kwanza niliutoa mwenyewe, bure, mbele ya madhabahu. Mara hii wanataka kuununua, na wamejua kupima, kwa sababu bei yao ni mtoto wangu.

Ile dastikoti nimeitundika ukutani, bado ina mikunjo ya duka. Wawira ameiona asubuhi akaniuliza kama nimeitwa kazini. Nyinyi wenzangu mnaosoma hapa, nimjibu nini huyu mtoto, na Ijumaa niivae au nimrudishie Nyaga mkononi?