Hema Lililopigwa Pasi

Wanga una harufu yake, na mtu aliyekulia katika nyumba ya mzee wa kanisa kule Ihembe haisahau. Kila Jumamosi mama alikoroga unga wa muhogo katika maji ya moto mpaka ukawa uji mwepesi unaong'aa, akachovya humo mashati ya baba, na yakikauka akayapitishia pasi ya mkaa hadi kola zikasimama zenyewe. Harufu hiyo ya muhogo, mkaa na pamba inayokaribia kuungua ndiyo iliyonifundisha kazi ninayoifanya leo, ingawa nyumbani hakuna aliyekusudia kunifundisha. Msimu ule wa kahawa nilikuwa na miaka kumi. Mashati yalikuwa ya baba, na uji uliobaki chini ya sufuria ulikuwa wangu.

Kaka yangu Deo alikuwa na vita yake. Nyuma ya banda la kuku alilaza mlango mbovu juu ya matofali, ukawa meza, akaijengea vilima vya udongo, mto, daraja la vijiti na majeshi mawili ya askari wa udongo wenye urefu wa kidole. Alirusha punje za mahindi alizozipaka masizi upande mmoja ili kujua nani kafa na nani kapona. Mimi sikuruhusiwa kugusa askari hata mmoja. "Vita si ya wasichana, Koku," aliniambia. Lakini alitaka mahema, na sindano hakujua hata inashikwaje. Basi nikaingia vitani kwa mlango wa sindano, nikiwa nimeshaamua kwamba nikiingia sitoki.

Kushona nguo ndogo ni kazi kuliko kushona kubwa. Kitenge ukikikata kipande cha kiganja hakilali, kinasimama kama ubao, na mtu akikitazama anaona kitambaa tu, haoni hema. Nilijaribu bandeji, ikaonyesha matundu. Nikajaribu chandarua, yakawa yale yale. Mwishowe niliiba leso ya baba iliyofuliwa miaka mingi hadi ikawa nyepesi kama ganda la kitunguu, nayo ikanywa wanga vizuri. Nilikata, nikachovya, nikapiga pasi. Mahema ya askari yakatoka meupe, mikunjo imenyooka, pembe kali. Kisha nikaongeza jambo ambalo Deo hakuliagiza: kambi ya wakimbizi, kwenye tambarare pekee iliyobaki, kando ya daraja. Katika kila vita niliyowahi kuisikia ikisimuliwa watu walikimbia, lakini katika vita ya Deo hakuna aliyekimbia, na hilo liliniudhi.

Siku hizo Mama Speransia, mwanamke aliyetoka Burundi, alikuwa akituchumia kahawa. Alipita na kikapu kichwani, nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akasimama kutazama na kuuliza kambi ile ni ya nani, nikamwambia ya wakimbizi. Kisha akacheka mpaka akalazimika kukitua kikapu.

"Mwanangu, hema gani la mkimbizi limepigwa pasi?"

Nilinuna. Kwetu nguo isiyopigwa pasi ilikuwa aibu, na haikunipitia akilini kwamba duniani kuna nguo zisizoijua pasi. Lakini adhabu ya kaburi aijuaye maiti: yeye alikuwa ameishi miaka mingi chini ya turubai, lile waliloliita shitingi, na watoto wawili aliwazalia humo. Alichuchumaa, akachovya upya hema moja, akalitandika juu ya vijiti na kulibonyeza katikati kwa kidole gumba. "Hapa maji ya mvua yanakaa," alisema. "Ukiyasukuma kwa kijiti, yanakumwagikia wewe." Akanionyesha mahali mawe yanapokandamiza pindo, mahali upepo unapoanzia kurarua, na mahali moshi wa mafiga unapotia weusi. Yaliyobaki niliyafanya mwenyewe, kwa masizi na maji ya maganda ya kahawa. Yalipokauka, kambi yangu ilinitisha mimi mwenyewe, na nilijivuna mno.

Shida ni kwamba jeshi la Deo lilitakiwa kuvuka daraja. Akaniambia niiondoe kambi, nikamwambia jeshi lake lipite kwingine, akaenda kunishtaki. Baba alikuja na hasira mbili: ya leso yake, na ya kudhani kwamba tunawadhihaki watu wanaotufanyia kazi. Aliniamuru nibomoe. Mimi ambaye sikuwahi kumjibu baba nilisema sibomoi, nikasimama kati yake na meza. Fimbo niliiona inakuja. Lakini baba alikuwa mtu wa haki kwa namna yake, akamwita kwanza Mama Speransia ili nimwombe radhi.

Mama Speransia alisikiliza huku akifuta mikono kwenye kanga. "Mtoto hajanikosea, mzee," alisema. "Hema moja nimelitengeneza mimi." Kisha, bila kupandisha sauti, akaongeza: "Sisi tumeondolewa kila mahali. Hapa mezani mtuache."

Baba aliinamisha macho, akaondoka. Leso niliilipa kwa majuma mawili ya kuchota maji, na kambi ikabaki. Deo ilimbidi apitishe jeshi lake mtoni, punje zikamkataa, nusu ya askari wakazama, na hakunisemesha mpaka maharage yalipopandwa.

Leo naishi Nkwenda, na hiyo ndiyo kazi inayonilisha: nguo ndogo za michezo ya vita ya mezani, mahema na maturubai, kwa wachezaji walio katika nchi nisizowahi kufika. Wanga nimeuacha, natumia gundi ya mbao, na badala ya leso nakata karatasi laini. Deo, baba wa watoto wanne, bado ananicheka kwamba mtu mzima nashona nguo za wanasesere, acha acheke. Wakati ule nilikuwa na mtu wa kunisemea, na sasa najisemea. Juzi mteja aliyeniagiza uwanja mzima wa vita juu ya ubao, na kambi ndani yake, aliniandikia kwamba anataka kambi iweze kung'oka, maana mchezo ukianza itaziba njia ya vifaru vyake. Nilimjibu kwamba kambi zangu nazigandisha. Akasema basi haitaki kazi yangu. Sawa. Ubao wake ninao hapa dirishani, gundi imeshakauka, na atakayeununua atatafuta kwingine pa kupitishia vifaru.