Unyayo Mbele ya Mimbara

Harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe, yakiwa yamekandwa na udongo na majivu, haijawahi kunichukiza. Ndiyo harufu ya Jumamosi zangu nilipokuwa na miaka tisa, katika kanisa letu la udongo nje kidogo ya Busia, upande wa Uganda. Nyanya yangu, aliyenilea, ndiye aliyeisiriba sakafu yake. Alipiga magoti, akarudi nyuma polepole kuelekea mlangoni, mkono ukichora nusu duara moja baada ya nyingine. Jumapili watu waliingia na viatu vyao, wakaimba, wakaenda zao. Hakuna aliyemwambia asante. Iliniuma sana.

Msimu ule wa mvua sakafu ilichelewa kukauka. Nyanya aliniacha nifukuze kuku, akaenda kuteka maji. Mimi nilikuwa na ugonjwa wangu, kuhubiri. Nikazunguka hadi mlango wa nyuma, nikaruka ili nitue kwenye jukwaa la mbao lenye mimbara. Sikufika. Mguu wa kulia ulizama sakafuni, wa kushoto ukapata mbao. Nikawahubiria kuku waliochungulia mlangoni, kisha nikaruka kurudi nje, safari hii bila kugusa kitu.

Kesho yake sakafu nzima ilikuwa safi, ila unyayo mmoja mdogo mbele ya mimbara. Mzee wa kanisa aliinama, akainuka. "Binadamu natembea na miguu mbili," alisema. "Hii iko moja tu. Hii ni malaika, alikuwa naruka!" Habari zikaenea kama moto. Jumapili iliyofuata walikuja watu kutoka Nagongera na Iyolwa, na wachuuzi kutoka upande wa Kenya. Nyanya aliwekewa kiti mbele, akakatazwa kusiriba mahali pale. Jioni aliniambia kwa sauti ya chini, "Kumbe Mungu huiona kazi yangu." Ningesema ukweli, ningemvua heshima pekee aliyowahi kupewa.

Jumapili ya tatu mchungaji alimwomba Nyanya awape wageni ushuhuda. Alisimama, akaitengeneza leso yake, uso ukimng'aa. Nyanya hakuwahi kusema uongo maishani mwake, na sasa alikuwa karibu kuusema wangu bila kujua. Miguu yangu ilinitangulia. Nilitembea hadi mbele, nikauweka mguu wa kulia juu ya unyayo. Ukaingia sawasawa, hata kidole kidogo kilichojitenga na wenzake. Nikaeleza kila kitu nikilia, mruko, mahubiri, kuku. Nyanya akanitazama.

"Umesema yote?"

"Yote, Nyanya."

Akacheka. Alicheka hadi akashika mbavu, mzee akafuata, kanisa zima likaangua kicheko na vigelegele. Kisha Nyanya akakibeba kile kiti mwenyewe, akakirudisha ukutani, akawageukia watu. "Sasa mnajua nani nasiriba hapa," alisema. "Jumamosi mkuje." Na wakaja! Wanawake walijaa tangu mlangoni hadi jukwaani, na mzee wa kanisa alikuwa katikati yao, suruali imekunjwa hadi magotini, mikono kijani hadi viwikoni. Unyayo wangu waliufuta pamoja, wakiimba. Sijawahi kuona furaha kama ile.

Siku hizi kanisa lina vigae na feni, na mhubiri wake ni mimi. Nyanya alishapumzika. Jumamosi bado tunavua viatu tukapiga deki, na anayetaka kuimba kwaya huanza na ndoo. Nasikia mahali pengine shuhuda zinatiwa chumvi hadi zinawasha ulimi; kwetu mtu akizidisha, wazee humuuliza tu kama kuku walikuwepo, naye hucheka akaanza upya. Vigae havishiki alama ya mguu, lakini mahali pale napajua hata nikifumba macho. Kila Jumapili, kabla sijafungua kinywa, nasimama hapo kwanza, mguu wa kulia mbele.