Mkataba Alioupiga Chapa Mwenyewe

Ufunguo uliingia nusu, ukagoma. Cherehani aliuchomoa, akaupangusa kwa pindo la gauni, akajaribu tena. Miaka ishirini na miwili alijinyima ili ajenge nyumba hii ya vyumba vitatu, kwa mshahara wa mpiga chapa wa mahakama, kazi iliyompa jina la Cherehani kwa jinsi vidole vyake vilivyokimbia. Sasa alikuwa amestaafu, chumba alichopanga mjini kilitakiwa na mwenyewe mwisho wa mwezi, naye alitaka kuhamia kwake. Basi.

Mlango ulifunguliwa kutoka ndani. Mwanamke aliyejifunga taulo kichwani alimtazama toka juu hadi chini.

“Wewe ndiye wa usafi? Umechelewa, mama. Choo kinavuja tangu juzi.”

“Mimi ndiye mwenye nyumba.”

“Mwenye nyumba tunamjua. Kijana mmoja mcheshi, katupokea mwenyewe.”

Kijana mcheshi alikuwa mkwewe, mume wa binti wa mdogo wake, aliyekabidhiwa nyumba kwa mkataba awapangishe watu wa likizo. Kwa miezi minane alikuwa akimwambia kwamba hakuna mgeni hata wa dawa.

Akaenda moja kwa moja kwa wakili mmoja waliyefahamiana tangu enzi za mahakamani. Wakili aliusoma mkataba, akavua miwani.

“Umempa nyumba miaka kumi, dada. Huruhusiwi kuingia bila kibali chake. Kitasa anabadilisha akitaka. Nani alikuchapia uchafu huu?”

“Mimi.”

“Wewe?”

“Yeye alitamka, mimi nikachapa. Palepale mezani kwangu. Alisema ya nini kutafuta watu wa nje, na Cherehani tunaye nyumbani.”

Wakili alicheka kidogo, kisha akaona aibu. Lakini ndivyo Cherehani alivyofanya kazi maisha yake yote: neno liingie sikioni, litokee vidoleni, lisipite kichwani. Talaka za watu, vifungo vya watu, wosia wa watu. Angeyaacha yapite kichwani, asingemaliza hata mwaka wa pili. Siku ile, akichapa jina lake mwenyewe, alichoangalia ni kama mistari imenyooka.

“Kesi ipo?”

“Ipo. Ila mwendo wa kesi unaujua kuliko mimi. Miaka mitano, sita. Na jaji naye atauliza nani alichapa.”

Nje, kwenye benchi la korido, alimpigia mkwewe. Hakugomba, nguvu za kugomba hakuwa nazo. Aliomba chumba kimoja tu, kile cha nyuma.

“Mama mkubwa! Wewe tena? Kwako nitashusha bei,” alisema mkwe kwa uchangamfu. “Ila mwezi huu kumejaa. Jaribu mwezi ujao.”

“Asante, mwanangu,” alijibu Cherehani. Akakata simu, akasogea kidogo ili mtu mwingine apate kukaa.