Kibakuli Kilichokataa Kuvunjika

Kila asubuhi, kabla hajanywa kahawa, Bi Otilie Škopková hulamba kioo. Hukisogeza kipande karibu na dirisha, hukigusa kwa ncha ya ulimi upande mmoja, kisha upande wa pili, halafu hutulia kidogo kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. Kioo cha dirisha humwagwa kiwandani juu ya bati lililoyeyuka, na upande uliolalia bati hukwaruza ulimi kwa mbali. Upande huo ukielekea juu tanurini, kibakuli anachotengeneza hutoka na ukungu ndani. Ipo taa ndogo ya kupimia jambo hilo. Radka, bintiye wa pekee, alimnunulia wakati wa Krismasi, na mpaka leo haijatoka kwenye kasha lake. Bi Otilie anasema taa haina ulimi.

Huu ni mwaka wa nne nimepanga chumba juu ya karakana yake, tangu nipate kazi katika maktaba ya mji. Karakana ilikuwa nyumba ya kufulia, na bado ina harufu ya sabuni mvua inaponyesha. Humo hukata vioo vya duara, hupaka kalibu za udongo unga mweupe uliokorogwa na maji ili kioo kisigande, huweka duara juu ya kalibu, na kufunga mfuniko wa tanuri. Joto likishapita nyuzi mia sita na hamsini, kioo hulegea na kuzama polepole ndani ya kalibu. Bonde letu lote la mto Jizera huiita kazi hiyo kulaza. "Leo nimelaza kumi na wawili," huniambia ngazini, na mgeni angedhani anatunza watoto wa watu.

Baada ya kulaza ni kungoja. Tanuri lipoe lenyewe, mchana kutwa na usiku kucha, na mfuniko usiguswe. Kioo kilichopozwa kwa pupa hubaki na kinyongo ndani, na siku moja hupasuka kabatini bila kuguswa na mtu. Kwa miaka thelathini na moja, hakuna aliyewahi kumrudishia Bi Otilie kibakuli chenye kinyongo.

Mwaka huu, mwezi wa tano, Radka akaposwa na Kamil, fundi wa breki za treni, ambaye bado anaishi kwa mama yake ng'ambo ya mto. Mama huyo, Bi Vlasta Hrubá, alikuja na sinia la keki za jibini kupanga harusi. Walipofika kwenye sahani ya kuvunja kizingitini, ile ambayo maharusi huzoa vipande vyake pamoja, na vipande vikiwa vingi heri huwa nyingi, Bi Otilie alisema angenunua ya kaure dukani.

"Mkwe," akasema Bi Vlasta, "nyumba ya fundi wa vioo tuvunje sahani ya dukani? Watu watatuonaje?"

"Vyangu sivitengenezi vivunjwe."

"Basi tengeneza kibaya kimoja. Kuharibu nako kuna ufundi?"

Bi Otilie alitafuna keki kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kutafunwa. Mgeni alipoondoka, Radka alimsihi mamaye akubali. Yeye ndiye angehamia kwa yule bibi na kula naye meza moja kila siku. Mama akakubali.

Njia ya kuharibu aliijua vizuri: kulifungua tanuri lingali moto. Alhamisi ya wiki ya harusi nilikuwa ngazini na kitabu changu nikasikia mfuniko ukifunguliwa, kisha ukifungwa. Baadaye ukafunguliwa tena, ukafungwa tena. Alitoka akipangusa mikono, akasema kimeharibika vya kutosha.

Jumamosi, siku ya harusi, mlangoni mwa mgahawa, mwenye mgahawa alikiinua kibakuli juu, akatamka maneno ya heri, akakiachia. Kikagonga jiwe la kizingiti, kikalia kama kengele, kikabingirika mpaka kwenye viatu vya Bi Vlasta. Watu wakacheka. Mwenye mgahawa akakiokota, akakitupa kwa nguvu zaidi. Kikarudi. Safari hii hawakucheka sana, na bibi mmoja akafanya ishara ya msalaba. Radka alimtazama mama yake. Bi Otilie alikuwa amekuwa mweupe kama unga wake wa kalibu.

Mjomba wa Kamil akasema pengine ni plastiki.

"Plastiki?" akasema Bi Otilie, na rangi yote ikamrudia usoni.

Bwana harusi akajaribu. Likamegeka jiwe la kizingiti, na mwenye mgahawa akaanza kulalamika juu ya jiwe lake. Ndipo Bi Vlasta alipovua glavu, akampa mumewe mkoba amshikie, akashuka mpaka kwenye mawe ya barabara, akakibamiza kwa mikono miwili.

Kikapasuka vipande vitatu.

Kwetu wageni huvitawanya vipande kwa miguu ili maharusi wafagie mpaka jasho liwatoke. Vile vitatu vilipigwa teke mara moja moja, Radka akaviokota kwa mkono, ufagio haukupata kazi. Bi Vlasta alichukua kipande kimoja, akakigeuzageuza, akapitisha kidole juu ya unene wake.

"Mkwe," akasema, "wajukuu wangu wamemaliza kila chombo nyumbani. Nilazie sita kama hiki."

Watu wakaingia ndani kula supu ya matonge ya maini, na Radka alicheka mpaka shela ikamtoka kichwani.

Bi Otilie alibaki nyuma kidogo, akitazama lile jiwe lililomegeka. Mimi si mtu wa kuuliza watu maswali, lakini hilo nilimwuliza: je, alisahau kukiharibu?

"Sikusahau," akasema. "Nilifungua, nikaona kimetoka kizuri, nikafunga."