Kuiomba Mashine Kaa la Moto

Mama yangu alikuwa na kiberiti. Naanza na hilo kwa sababu nikiwasimulia watu wa siku hizi kwamba tulikuwa tunaomba moto kwa jirani, wanasikitika, wanadhani ni ufukara. Ufukara ulikuwapo, sikatai. Lakini kiberiti nacho kilikuwapo, juu ya rafu ya vyombo, kimefungwa ndani ya nailoni kisinyonye unyevu wa ziwa. Na bado kila asubuhi pale Ujiji, jua halijafika kwenye vichwa vya michikichi, mama alinipa kigae cha chungu kilichovunjika akaniambia, "Nenda kwa bibi wa ng'ambo, kaombe kaa."

Bibi wa ng'ambo tulimwita hivyo kwa sababu alitoka upande wa Kongo, zamani, mimi sijazaliwa. Aliishi peke yake, akipika sabuni ya mawese, na uwanja wake wote ulinuka mafuta yale mpaka kuku wake walinuka sabuni. Asubuhi za kiangazi ukungu ulikaa juu ya maji, milima ya Kongo haionekani kabisa, na mimi mtoto niliamini kwamba usiku ilikuwa imeondoka. Nikifika kwa bibi nilimwuliza kama ng'ambo bado ipo. Ananijibu, "Iko, baba, inalala." Nilirudi na kaa langu juu ya kigae, nikilipulizia taratibu, jekundu kama jicho la ndege, nikitembea kama mtu anayebeba yai.

Siku moja nilirudi na kigae kitupu.

"Vipi?" mama akauliza.

"Nimemsalimu toka mlangoni, amesema yuko muzuri. Lakini moto hana."

Mama aliacha kila kitu. Sijapata kumwona akikimbia vile, yeye Muha wa milimani aliyekuwa akitembea kama ana siku mbili mkononi. Alimkuta bibi kitandani na homa, siku ya pili hajawasha jiko. Akampigia salamu ya kwao, "Mwakeye!", na bibi akaitikia vizuri tu, palepale alipolala, macho ameyafumba. Alipona, nisije nikakutisha bure. Baadaye nilimwuliza mama kwa nini tunahangaika na makaa wakati kiberiti kipo. Akasema kila mtu ukimsalimu anajibu nzuri, hata anayekufa. Mwombe kaa.

Nikakua, nikasahau. Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikabeba magunia bandarini mpaka mgongo ukakataa, nikaoa, tukahamia mtaa wa Buzebazeba, mke wangu akafariki, na nyumba ikawa na kimya ambacho siwezi kukieleza. Nilikuwa nasikia sufuria ikipoa. Hapo ndipo nilipopata kazi kwenye kituo kimoja cha afya upande wa Gungu, kazi ya kuangalia mashine.

Walisema ni seva. Chumba chake kidogo, baridi kama asubuhi za utoto wangu, dirisha moja linaloona ziwa. Ilivuma siku nzima, mvumo wa nyuki walio mbali, na mimi kwenye kiti changu nikiusikiliza nilikuwa kama nimelala macho wazi. Fundi wake alikuwa mama mmoja wa mtaa wa Mwanga, mtu mzima mwenye watoto wawili, miwani imefungwa kwa uzi. Alinieleza kazi ya mashine hivi: "Babu, umeona watu wanaopokezana matofali ghorofani? Wa chini anamrushia wa kati, wa kati anamrushia wa juu. Mmoja akisimama, tofali haliendi. Maabara inaweka jibu la mgonjwa, mashine inampelekea daktari alipitie, daktari akikubali inampelekea nesi wa kijijini, na simu ya mgonjwa inalia. Vijiji vyote vya mwambao vinategemea huo mstari."

Kazi yangu ilikuwa kila saa niingie nitazame namba moja kwenye kioo, namba ya majibu yaliyo kwenye foleni. Ikipanda na kushuka, salama. Ikiganda saa nzima, nimpigie fundi. Basi. Kazi ya mtoto, utasema. Lakini niliipenda kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya, kwa sababu kila saa kulikuwa na mahali ninapongojewa. Nesi wa zamu alinitania kila asubuhi: "Babu, mke wako wa chuma ameamkaje?"

"Hajambo. Ila ana wivu, usisimame hapo mlangoni."

"Muulize kama anataka uke wenza."

"Nimemuuliza. Kavuma."

Kisha mkuu wa kituo akaniita, akanikalisha kwa heshima, nikajua hapo hapo kwamba heshima ile ina jambo. Akasema wataweka ukaguzi wa kujiendesha. Kimashine kingine kidogo, kila baada ya dakika tano, kitaiuliza seva kama ni nzima. Isipojibu mara mbili mfululizo, simu ya fundi inalia. Mara mbili kwa sababu umeme wetu hukonyeza, na fundi hawezi kukimbizwa kwa kila konyezo. "Kikifanya kazi vizuri mwezi mmoja, mzee wangu, utapumzika."

Kupumzika. Kule kwenye sufuria inayopoa.

Fundi alikifunga siku hiyo hiyo. Akanionyesha duara la kijani kwenye simu yake. Kila dakika tano: mzima. Dakika tano: mzima. Nililitazama duara lile kama mtu anayetazama mke wake akisalimiana na mwanamume kijana.

Siku zikapita, kijani. Ziwa likabadilika rangi nje ya dirisha, maziwa asubuhi, bluu mchana, milima ya Kongo ikija na kuondoka kama ilivyotaka, nami niliendelea kuingia kila saa, ingawa hakuna aliyeniuliza tena nimeona nini. Wiki ya tatu, baada ya umeme kukatika alfajiri na kurudi hapo hapo, saa tatu nilikuta namba sitini na tatu. Saa nne, sitini na tatu.

Hapa nitasema kweli, maana nimeshazeeka na uongo unanichosha. Sikupiga simu. Nilijua maana yake. Mstari wa matofali umesimama, na kile kimashine kinauliza u mzima, na seva inajibu nzima, kijani, kijani. Nilikaa kwenye kiti changu nikafurahi. Nikasema moyoni, acha iive. Acha mchana ufike, madaktari waulize, wagonjwa wapige kelele, wajue wenyewe kwamba duara si macho. Nikatazama ziwa. Lilikuwa zuri siku hiyo kupita kiasi, mashua moja tu imesimama katikati kama imechorwa, na ule mvumo wa nyuki ukanibeba, nikaota, au nilikumbuka, sijui, harufu ya sabuni ya mawese.

Harufu ile ilikuwa ya kweli. Mwanamke alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, chini ya dirisha langu, na kidumu cha mawese miguuni. Nikatoka. Alinisalimu shikamoo, nikaitikia, nikamwuliza habari za atokako.

"Nzuri, mzee."

"Za watoto?"

"Nzuri." Akakisogeza kidumu kwa mguu. "Ila mmoja anakohoa. Walichukua makohozi tangu juma lile. Waliniambia leo asubuhi simu italia. Haikulia, nikapanda boti. Labda simu yangu mbovu." Akanionyesha. Ilikuwa simu nzima kabisa, imefutwa vumbi, imefungwa kwenye kitambaa kama mtoto.

Nilisimama pale na aibu ambayo hata sasa nikiandika naisikia shingoni. Nzuri, nzuri, ila. Alikuwa amekaa kwenye benchi bila jibu kwa sababu mimi nilikuwa nangoja kitu kiive.

Nikampigia fundi.

Alifika na bodaboda, vumbi mpaka kwenye miwani, simu mkononi. "Babu, lakini inajibu! Tazama, kijani tupu tangu jana."

"Namba imeganda tangu saa tatu."

"Saa tatu? Sasa ni saa tano."

"Niliona, nikanyamaza."

Alinitazama. Nilidhani atanitukana, na ningemshukuru. Aliketi tu, akachezea vidole kwenye kioo, akatoa pumzi. "Mpokeaji wa mlangoni yuko hai, ndiye anayejibu. Wafanyakazi wa ndani ya mashine, zile programu zinazopokea majibu na kuyarusha, hawakuamka umeme uliporudi. Hata mmoja." Akawaamsha. Sitini na tatu ikawa sitini, ikawa arobaini, na kule nje, chini ya dirisha, nikasikia simu ikilia ndani ya kitambaa. Nesi akamwita mama yule ndani, mlango ukafungwa. Alipotoka alikuwa na pakiti ya dawa na alinyanyua kidumu chake upesi upesi, kama mtu aliyejua sasa cha kufanya. Sikuthubutu kumwuliza zaidi.

Fundi alikuwa bado anatazama duara lake. "Nitakifanya kiulize kila dakika," akasema.

Mdomo wangu ulitaka kufungwa. Nilijua nikinyamaza kiti ni changu. Seva itaulizwa kila dakika, itajibu kila dakika, na mzee mwenye namba yake atahitajika mpaka afe.

"Hata kila nukta seva itajibu nzuri," nikamwambia. "Usiisalimu. Iombe kaa."

"Kaa gani, babu?"

Nikamsimulia kiberiti, kigae, na bibi wa ng'ambo aliyeitikia salamu macho ameyafumba. Alisikiliza mdomo wazi, halafu akavua miwani akaifuta, na nikaona kwamba keshanipita, keshafika mbali, anajenga.

"Mgonjwa wa uongo," akasema polepole. "Kila robo saa tunaingiza jibu la mgonjwa asiyekuwapo. Lipite maabara, lipite kwa daktari wa uongo, lipite njia yote mpaka kwenye simu yangu ya pili. Lisipotoka upande huu ndani ya dakika tatu, kengele inalia kwenye simu yangu hii."

"Hapo utakuwa umeshika kaa."

"Na jina na umri wake?"

"Andika vyangu. Na andika hajambo, jina la mtu si la kuchezea ugonjwa."

Akacheka mpaka nesi akaja kuchungulia. "Babu, mke wa chuma kazaa?"

"Kazaa mzee mzima," fundi akamjibu.

Na huyo anayeuliza, nikamwambia, naye nani anamwuliza? Bibi angeweza kuwa mzima na mama ndiye mgonjwa, asubuhi hiyo nisitumwe. Akaona ni kweli. Akakiamuru kile kimashine kidogo kimpigie yeye kila asubuhi saa moja, kuna heri au hakuna. Asubuhi atakayoamka simu iko kimya, aje aone.

Ilichukua mpaka alasiri. Kisha akataka kukijaribu. Akawalaza wafanyakazi wa ndani kwa makusudi, akaweka simu zake zote mbili dirishani, tukakaa. Duara la zamani likaendelea kuwa kijani. Nje ziwa lilikuwa limeanza kuwa la shaba, na milima ya Kongo ilikuwapo yote, mistari yake yote, hata makorongo. Nilikuwa naombea kengele isilie, nimekwisha kusema kwamba uongo unanichosha.

Ikalia.

Fundi alipiga makofi, akainama kwenye kioo kuwaamsha wale wa ndani, akisema nami bila kugeuka, kwamba mkuu lazima asikie hadithi ya kaa, kwamba kesho nije mapema tumsimulie pamoja. Nikasema vyema. Nikasukuma kiti changu chini ya meza, maana kilizoea kuachwa katikati, na kazi ya kuingia kila saa sasa ilikuwa ya kengele. Nikachukua kofia. Getini mwenye bodaboda aliniuliza, "Buzebazeba, mzee?" nikamwambia leo natembea. Nikaifuata barabara, ziwa likionekana na kupotea katikati ya nyumba, na sikurudi pale tena.