Kengele ya Pave

Pave alizaliwa ndani ya kuta za mji wa kale wa Dubrovnik, akaolewa nyumba ya pili kutoka kwao, na alitaka kufia humo humo. Nayajua haya kwa sababu dirisha lake lilitazamana na langu juu ya kichochoro chetu cha ngazi. Kati yetu ilipita kamba ya kuanikia nguo, yenye gurudumu kwake na gurudumu kwangu. Mama zetu ndio walioifunga.

Alikuwa fundi wa kutarizi. Mabibi harusi wa mji huu wamelalia mashuka yake. Mabomu yalipotudondokea mwaka wa tisini na moja, waliomwambia akimbie aliwajibu, "Babu zangu hawakubeba mawe haya ili mimi nikalale kwa watu."

Tulipokwisha fiwa na waume, alifunga kengele ya mbuzi kwenye kamba, upande wangu. Akiamka huvuta, inalia, nami navuta nikimjibu. Basi, kila mmoja amejua mwenzake yu hai. Siku moja nilichelewa, akapiga ukelele kichochoro kizima kikasikia.

"Jele! Umekufa au unajiremba?"

"Najiremba nife mzuri, nisifanane na wewe!"

Mwanawe Lukša ndiye aliyekuja na maneno ya ngazi. "Mama, ngazi hizi zitakuua. Hamia Mokošica, kuna lifti. Nyumba tuwapangishe watalii kiangazi tu. Baridi ikiingia, unarudi kwako."

Mama hakatai ahadi ya mwanawe. Akahamia huko nje ya kuta, ghorofa ya sita. Baridi ya kwanza Lukša alikuwa anatengeneza bafu. Ya pili, mabomba yamepasuka.

Baridi ya tatu Pave hakungoja kuitwa. Sikukuu ya Mtakatifu Vlaho, mlinzi wa mji wetu, alishuka kwenye basi nje ya lango la mji pamoja na watalii, amevaa hereni za dhahabu, na kifurushi kwapani. Kasisi akatuwekea mishumaa miwili kooni, akatubariki tusiugue koo. Kisha tukapanda kwangu kula makaroni machafu, yale ya mchuzi mzito wa nyama, chakula cha siku hiyo.

"Jele, umepika au umetibu kikohozi? Mdalasini wote huu!"

"Kula. Mgeni hachagui."

Akaweka uma chini. "Mimi si mgeni. Nguo yangu ya kulalia ninayo humu kifurushini. Leo nalala kwangu."

Akaenda dirishani kwangu kuvuta kamba, kama alivyozoea. Ikaja yote mkononi, imelegea. Gurudumu la upande wake halikuwapo, tundu limezibwa kwa saruji. Nilikuwa nimeliona, nikashindwa kumwambia.

Lukša alipokuja kumchukua, alimkuta bado ameishika.

"Gurudumu langu liko wapi?"

"Wageni walilalamika, mama. Chupi za shangazi Jele zinawadondokea maji kwenye kahawa."

"Si chupi za kuonea haya," nikamwambia.

Pave hakucheka. "Na mimi narudi lini?"

"Baada ya Pasaka tutaangalia."

"Lukša. Toka utotoni, ukidanganya masikio yanakuwa mekundu."

Lukša akainama. Masikio yalikuwa mekundu kama kamba wa baharini aliyechemshwa. "Nyumba nimeshampangisha wakala wa watalii, mkataba wa miaka," akasema. "Sikujua nikwambieje."

Pave akaikunja kamba na kengele yake polepole kama anavyokunja uzi wake, akanipa. Kifurushi nacho akanipa. "Weka wewe. Nguo ya kulalia Mokošica ninayo."

Alifariki kabla ya Pasaka, kwenye ghorofa ile. Jirani wa mlango wa pili hakujua hata jina lake. Nilimpelekea nguo yake, akazikwa nayo. Jeneza lilikwenda makaburini moja kwa moja, halikupita langoni.

Kiangazi Lukša alinigongea. Gurudumu amelirudisha. Watalii, alisema, siku hizi wanapenda picha za nguo zilizoanikwa. Akaniomba kamba ya mama yake, nami nikampa, maana ilikuwa yake kuirithi.

Asubuhi iliyofuata kengele ililia. Nilikuwa nimeshafika dirishani, mkono uko kwenye kamba, ndipo nikamwona ng'ambo kijana amevaa kofia ya majani, anavuta huku mwenzake akimpiga picha. Akanipungia mkono.

Nilifunga dirisha. Jioni, walipokwenda kula, nilichukua kisu cha jikoni nikaikata kengele. Kamba nimewaachia.